Safura Hupita Miguuni

Mtunza bustani wa Kizingo, Mombasa, anayelima peku hunawa mikono kabla ya kula, na hapo hujikinga na mchango. Lakini mnyoo wa safura hauhitaji kinywa. Viluwiluwi vyake, vikishaanguliwa kwenye udongo wenye kinyesi, hutoboa ngozi ya mguu, hufika utumboni na kufyonza damu. Mgonjwa akilegea huitwa mvivu. Huo ni uonevu.

Ng'ambo ya kivuko, Kwale, utafiti wa TUMIKIA wa 2015 hadi 2017 uliwapa dawa watu wazima pamoja na watoto. Walipotibiwa mara mbili kwa mwaka, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 4.6. Dawa za shuleni pekee humwacha mfanyakazi nje. Mwajiri anayenunua jembe anunue na buti, na amfungulie choo.