Dawa Ni Ile Ile, Mwili Si Ule Ule

(Hotuba ya walimu, Siku ya Kimataifa ya Wazee, Ngagara, Bujumbura)



Tumeombwa tuseme machache siku hii ya 1 Oktoba, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Sisi ni walimu, si madaktari. Haya tumeelezwa na wauguzi, na mengine yametufika wenyewe.

Mama yetu mmoja alimeza glibenklamidi, dawa ya kisukari, miaka mingi bila shida. Mwisho wa mwezi chakula kilipopungua, aliwaachia wajukuu sahani yake, lakini kidonge hakukiacha. Alfajiri tulimkuta ametota jasho, anatuita kwa majina ya marehemu. Wengine tulisema malaria, wengine tulisema uzee. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka mno. Alitiwa sukari, fahamu zikamrudia. Hata hivyo muuguzi alikataa kumruhusu siku hiyo, kwa kuwa dawa ile ingeweza kuishusha tena.

Sababu ni hii. Kuanzia miaka ya 40 hivi, figo za wengi wetu hupunguza kazi kidogo kidogo, na ini hupata damu kidogo zaidi. Dawa hukawia kutoka, kidonge cha leo kikakikuta cha jana. Mfano ni diazepamu, dawa ya usingizi: kwa kijana wa miaka 20, nusu yake hutoka kwa saa 20 hivi; kwa mzee wa miaka 80, huchukua saa 90 hivi. Ndiyo maana mzee huamka akiyumba, akaanguka, akavunjika nyonga. Nazo ibuprofeni na diklofenaki, tunazonunua bila kuuliza, zaweza kumtoa damu tumboni na kumwumiza figo.

Basi, ndugu wa familia: mpelekeni mzee kituo cha afya na dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata za miti shamba. Asipokuwa na chakula, muulizeni muuguzi kabla hajameza dawa ya kisukari. Msimkatishe dawa wenyewe.

Ndugu wauguzi: kabla ya kuandika dawa, muulizeni mzee umri wake, dawa nyingine anazomeza, na kama jana alikula.

Nanyi wazee wetu, mlitubeba mgongoni tulipokimbia. Wajukuu tutawatafutia chakula. Sahani yenu, tafadhali, muile wenyewe.