Toleo Lipi, la Mwaka Gani? Kunukuu Vitabu vya Rejea Katika Ukanda wa Dhahabu



Sensa ya 2002 iliukuta Mkoa wa Shinyanga na watu karibu milioni 2.8. Sensa ya 2012 ikaukuta na watu 1,534,808. Mwanafunzi akiishia hapo ataandika sura nzima: ukame umewafukuza wafugaji, dhahabu imewavuta vijana, mkoa umebaki mahame. Namba zote mbili amezinakili vizuri, na hoja yake haina miguu. Watu walibaki majumbani mwao; mpaka ndio uliohama. Mwaka 2012 wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu ziliingia mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita, mkoa mwingine mpya uliomegwa pia kutoka Mwanza na Kagera.

Kwa hiyo kitabu cha mwaka 2005 kinachoiweka Geita mkoani Mwanza, au Bukombe mkoani Shinyanga, hakijakosea. Anayekosea ni yule anayekinukuu leo bila mwaka, kana kwamba kitabu kinazungumzia ramani ya sasa. Nimewaona wasahihishaji wakikata alama kwa sababu ya mkato uliowekwa pasipo pake, huku wakiupita kimya mwaka usiokuwepo. Mimi ningewasamehe wote wenye mikato mibovu.

Kuna jambo linalowasumbua wengi hapa: mwaka wa sensa si lazima uwe mwaka wa chapisho. Ripoti ya mgawanyo wa watu kimaeneo ya sensa ya 2012 ilitolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2013. Kwenye mabano andika 2013; 2012 imo ndani ya jina la ripoti, nayo iachwe humo humo.

Kamusi nazo zina umri. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, ikarudi 2004, ikarudi tena 2013. Anayeandika jina la kamusi peke yake ametuachia vitabu vitatu tupekue wenyewe. Taja toleo, kisha kidahizo ulichokisoma, maana ukurasa hubadilika kutoka toleo hadi toleo lakini mpangilio wa alfabeti haubadiliki. Kwa ensaiklopidia, tazama mwisho wa makala kama kuna jina au herufi za mwandishi. Likiwepo, yeye ndiye unayemnukuu. Mhariri wa kitabu kizima anafuata nyuma yake.

Wikipedia? Sina ugomvi nayo, ila kuisoma usiku na kuificha asubuhi ni udanganyifu. Kila ukurasa wake una historia ya mabadiliko, na kila badiliko lina kiungo chake cha kudumu. Mwongozo wa kunukuu wa APA, toleo la saba, unaagiza kiungo hicho ndicho kitumike, ili msomaji aone maneno yaleyale uliyoyaona wewe.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote kwa wanaoandika juu ya migodi ni sheria. Sheria ya Madini ya 1998 na ile ya 2010 iliyoifuta zote zimewahi kuitwa Sura ya 123. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 chini ya ile ya kwanza, ukawa 4 chini ya ile ya pili, na marekebisho ya 2017 yakaupeleka hadi 6. Tasnifu inayohesabu mapato ya mgodi wa Bulyanhulu tangu 2001 na kutaja “Sura ya 123” tu imemwachia msomaji viwango vitatu chini ya jina moja.

Nina ombi kwa wakutubi. Kila toleo jipya linapofika, lile kuukuu hufungwa kamba na kupelekwa stoo, na baada ya hapo halionekani tena. Liacheni rafuni, hata kama jalada limechanika. Anayesahihisha au kusoma tasnifu ya mwaka 2008 kuhusu wachimbaji wadogo wa Bukombe atalihitaji, na hatalipata kwenye duka lolote la vitabu mjini.