Kutu Nyuma ya Jiko

Wasikilizaji wetu, msimu wa kahawa umefunguliwa na wiki nzima habari ni bei. Taarifa mmezisikia, viongozi mmewasikia mikutanoni, ratiba ya minada mnayo. Hatuyarudii. Kinachotukera sisi ni jambo ambalo halikutajwa kwenye mikutano hiyo yote: kutu iliyoingia kwenye vitunguu saumu, Bukoba hadi Muleba.

Ingia bustanini baada ya mvua hizi. Jani la saumu linaanza na vidoa vya njano. Siku chache baadaye vidoa vimepasuka, vimekuwa vipele vya rangi ya chungwa. Pitisha kidole, kitatoka na vumbi kama la tofali la kuchoma. Vumbi hilo ndilo mbegu ya ukungu. Upepo unalibeba, umande unaliotesha, na umande kwetu haukosekani. Ukungu huo unaweza kuvuka mpaka kwenye liki na vitunguu majani. Majani yanakauka kabla ya wakati, na siku ya kung'oa unakuta kichwa kidogo, punje nyembamba. Kinalika, hakina sumu, lakini hakitoshi.

Sasa mama mwenye bustani hiyo amuulize nani?

Bustani ya nyuma ya jiko haina ushuru. Kahawa ina ushuru, basi ina wataalamu, ina watafiti pale Maruku, ina vyama vya ushirika vya kuisemea. Hatuionei wivu kahawa; ndiyo iliyotusomesha. Lakini bustani ya nyuma ya jiko haina ushuru, kwa hiyo haina mkaguzi wala mkutano. Mwaka 2022 maafisa ugani nchini waligawiwa pikipiki, na sisi tulishangilia hapa hapa hewani. Akina mama wanaotupigia simu wanasema pikipiki wanaiona ikipita. Ikipita tu.

Mkoa huu hauhitaji kufundishwa maana ya kuchelewa. Miaka ya 1990 mnyauko uliingia kwenye kahawa yetu. Mwaka 2006 mnyauko mwingine ukaingia kwenye migomba ya Muleba, tukaja kuhimizana kukata ua dume kwa kijiti cha panda na kuchoma visu motoni wakati vibanja vingine vimeshakuwa vyeupe. Kutu ya saumu si msiba wa kiasi hicho. Lakini desturi ya kungoja ni ile ile.

Na asiyepata mtaalamu anakwenda dukani. Anapimiwa dawa ya ukungu ya nyanya kwenye chupa ya soda, haina lebo, haina maelezo ya siku ngapi asubiri kabla ya kuvuna. Jioni anapuliza, kesho yake anachuma vitunguu majani anaunga mboga ya watoto. Hili ndilo linalotutisha kuliko kutu yenyewe. Kutu inapunguza kichwa cha saumu. Dawa isiyo na lebo inaingia kwenye sufuria.

Na kuna mengi ya kufanya bila chupa hiyo. Kutu ya saumu inaishi kwenye jani bichi. Maotea yaliyobaki kwenye tuta la msimu uliopita ndiyo yanayoitunza mpaka upande tena. Msirudishe saumu wala liki kwenye tuta lile lile. Pandeni maharage au mchicha. Achieni miche nafasi upepo upite, na msiibananishe chini ya migomba ambako majani hayakauki mpaka saa sita. Punguzeni yurea, maana jani laini lililonenepeshwa ndilo kutu inalolipenda. Mwagilieni asubuhi, kwenye shina. Na kama saumu imekaribia kukomaa, ng'oeni mle, msipulize kitu. Kutu ya kahawa, kwa wanaotuuliza, ni ukungu mwingine kabisa. Haitoki kwenye mbuni kuja kwenye saumu.

Haya angetakiwa kuyasema mtu mwenye mshahara wa kuyasema, akiwa amesimama kwenye tuta, jani mkononi. Siyo redio.

Kwa hiyo akina mama wa Kamachumu, wa Nshamba, wa Katerero, msikae kimya! Chumeni majani yenye kutu, yafungeni kwenye mfuko, mpelekeeni bwana shamba ofisini kwake kwenye kata. Nendeni wengi. Akiwaambia hilo si zao la biashara, mwambieni watoto hawali biashara. Nanyi waheshimiwa madiwani, mnapokuja kwenye baraza na taarifa ya kilo za kahawa, ulizeni pia ni bustani ngapi za mboga zilizotembelewa katika kata zenu. Ulizeni kwa sauti, majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho muulize tena!