Kabla ya Kusema Chanzo Hakijulikani

Leo tunazungumzia mapafu yanayoota makovu bila chanzo kuonekana.

Hewa tunayovuta huishia kwenye vifuko vidogo mno, vyenye kuta nyembamba za kupitisha oksijeni hadi kwenye damu. Ugonjwa huu huzijaza kuta hizo makovu, pafu likakakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Mgonjwa, mara nyingi aliyevuka miaka 60, ana kikohozi kikavu kisichoisha na hutweta akipanda kilima kidogo tu. Nasi hapa mjini Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Oksijeni ni haba kuliko Mombasa, kwa hiyo pafu bovu halikawii kulemewa.

Ukikohoa wiki mbili, kapime TB kwanza. TB isipoonekana, au ukimaliza dawa na pumzi bado inakata, rudi hospitali. Eksirei ya kifua yaweza kutoonyesha makovu ya mwanzo. Daktari huenda akaagiza skani ya CT na kipimo cha kupuliza.

Tena atakuuliza mengi. Umewahi kuchonga mawe ya ujenzi, au kufanya kazi kwenye machimbo ya daiatomaiti ya Kariandusi? Vumbi la silika litokalo humo huacha makovu. Unafuga njiwa? Unalisha ng'ombe nyasi kavu zilizoshika ukungu? Unavuta sigara? Unameza methotrexate ya baridi yabisi au amiodarone ya moyo? Viungo vinakuuma?

Usichoke kujibu. Daktari hasemi chanzo hakijulikani mpaka avichunguze vinavyojulikana, akose. Na kikipatikana mapema, mathalani njiwa au ukungu, kukaa mbali nacho kwaweza kuyanusuru mapafu.

Kisipopatikana, matibabu bado yapo. Kovu halifutiki, lakini pirfenidone na nintedanib, dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupunguza kasi ya kuenea kwake. Ni ghali, na si kila mgonjwa zinamfaa. Oksijeni, chanjo ya mafua, mazoezi mepesi na kuacha sigara pia husaidia.

Basi kabla ya kwenda kliniki, andika kazi zote ulizowahi kufanya tangu ujana, mifugo uliyofuga na dawa unazotumia. Kama macho hayaoni vizuri, mwombe mjukuu akuandikie. Karatasi hiyo mpe daktari hata kabla hajauliza.