Logibuku Mkononi Haitoshi

Msikilizaji, nchini Kenya kuna watu wanaoendesha magari waliyoyalipia hadi senti ya mwisho, na bado kisheria hayahesabiwi kuwa yao. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Matapeli wanalijua hilo vizuri. Tapeli atakuonyesha logibuku safi, yaani hati ya usajili wa gari, bei iko chini kuliko ya soko, kisha atakuharakisha: kuna mteja mwingine njiani, tuma hela sasa. Huku nyuma gari hilo limewekwa dhamana ya mkopo. Mkopeshaji akija na dalali, risiti yako haitamzuia kulivuta.

Kinga ipo, na ni nafuu mno ukilinganisha na hasara. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, uombe rekodi ya gari. Ada yake ni takriban shilingi 550. Humo utaona jina la mmiliki na kama kuna benki iliyosajiliwa pamoja naye. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayekuuzia. Inama, usome nambari ya chasisi kwenye chuma chenyewe. Ikiwa imekwaruzwa au kuchomelewa upya, ondoka.

Wanaonisikitisha zaidi ni wanaonunua kwa jirani au binamu na kuona haya kuuliza. Uliza. Na usikamilishe malipo kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho wa umiliki mbele ya macho yako.