Maji Yaliyomo Katika Unywele



Mwezi Septemba mwaka 2009 idara ya mipaka ya Uingereza ilianza jaribio ambalo halijanitoka rohoni. Watu waliofika wakiomba hifadhi na kusema wametoka Somalia waliombwa nywele, kucha na ute wa mdomoni. Maofisa walishuku kwamba baadhi yao ni Wakenya, wakatumaini maabara ingeamua. Kazi yangu ni kupima isotopu, kwa hiyo swali lile lilikuwa langu pia: je, unywele unaweza kumjua Msomali na kumtenga na Mkenya?

Tuanze na mvua. Katika maji ya bahari, atomi kama 156 katika kila milioni ya haidrojeni zina nyutroni ya ziada. Hizo huitwa deuteri, isotopu nzito ya haidrojeni. Oksijeni nayo ina ndugu yake mzito. Wingu likitoka baharini kwenda bara, maji mazito hutangulia kudondoka, na kadiri linavyopanda milima ndivyo mvua yake inavyozidi kuwa nyepesi. Jua hufanya kinyume chake. Ziwa kama Turkana, lisilo na mto wa kutokea, hupoteza maji mepesi kwa mvuke na kubaki na mazito. Ndiyo maana maji ya kisima cha pwani na ya chemchemi ya mlimani, hata yakiwa masafi sawasawa, maabara huyatambua.

Mtu akiyanywa, sehemu yake huingia katika keratini, protini inayojenga unywele. Chakula huchangia zaidi ya maji, ila chakula cha shambani kwako nacho kimekunywa mvua ile ile. Unywele ukishatoka kwenye ngozi hauandikwi tena. Huota takriban sentimita moja kwa mwezi: shinani pana habari za juzi, nchani habari za mwaka jana au za kabla yake.

Mwaka 2008 James Ehleringer, Thure Cerling na wenzao wa Chuo Kikuu cha Utah walitoa ushahidi wa hayo. Walikusanya nywele zilizokatwa kwa vinyozi katika miji 65 ya Marekani, wakachota na maji ya bomba ya miji hiyo hiyo. Maji yalieleza zaidi ya asilimia 85 ya tofauti zilizoonekana kwenye nywele. Naupenda utafiti huu kwa sababu malighafi yake ni kile ambacho kinyozi hufagia na kutupa. Polisi wa Utah waliutumia katika kesi ya mwanamke ambaye mabaki yake yalipatikana kando ya Great Salt Lake mwaka 2000. Nywele zake zilionyesha kwamba katika miaka yake miwili ya mwisho alihamahama kati ya sehemu zenye maji tofauti, huko huko kaskazini-magharibi mwa Marekani. Jina lake lilikuja kupatikana mwaka 2012 kwa DNA. Nywele hazikulitaja, zilipunguza tu ukubwa wa nchi ya kutafuta, na kwa ndugu wanaongoja miaka kumi na miwili, hilo si jambo dogo.

Cerling huyo huyo alikwisha kufanya kazi kwetu Kenya. Yeye, Iain Douglas-Hamilton, George Wittemyer na wengine walipima nywele za mikia ya tembo wa Samburu. Huko walisoma hasa kaboni, kwa kuwa nyasi za nchi za joto na mahindi huacha alama moja, na majani ya vichaka na miti huacha nyingine. Dume mmoja, Lewis, alionyesha alama ya nyasi hata wakati wa kiangazi, wenzake walipokuwa wanakula vichaka. Kola yake ya GPS ikaeleza sababu: alikuwa anakwenda msitu wa Imenti, chini ya Mlima Kenya, na usiku yaelekea aliingia kwenye mashamba ya mahindi.

Tazameni kilichomfichua Lewis. Unywele ulisema alichokula. Mahali palisemwa na kola. Na sisi binadamu tunachanganya mambo kuliko tembo. Anayekula ugali kila siku ana alama ya mahindi, awe Kitale au Kisumu. Anayekunywa maji ya chupa anakunywa mvua ya kwingine. Aliyenyoa na kubakiza sentimita moja amebeba mwezi mmoja tu, na nywele za kushonea zilizotoka India zitaitaja India. Je, aliyevuka nchi tatu na kukaa kambini mwaka mzima? Unywele wake utaeleza kambi.

Wanasayansi wa isotopu walikuwa miongoni mwa waliopinga jaribio la Uingereza, na Alec Jeffreys, aliyevumbua utambuzi kwa DNA, akapinga upande wa vinasaba. Mwaka 2011 serikali iliacha kuliendeleza. Mimi huwafikiria Wabajuni, ambao visiwa vyao vinaanzia Lamu hadi karibu na Kismayu. Mpaka umepita katikati yao, lakini mvua yao ni ya bahari moja, na samaki wao pia. Sijui mizani ya kuona mstari ule ndani ya unywele, na aliyeahidi kuuona aliahidi kwa gharama ya mtu asiye na pa kurudi.

Chombo hiki nakitaka kwa ajili ya maiti zisizo na majina katika mochwari zetu, na za wanaozama baharini wakihama. Kwa kazi hiyo tunahitaji kwanza ramani ya maji yetu wenyewe. Wanafunzi wangu, tutaanza na visima vya Lamu. Jazeni chupa hadi mdomoni, kusibaki hewa, mfunge kizibo barabara. Mvuke kidogo ukitoroka, maji hayo si ya kisima kile tena.