Kaboni Iliyomo Mitini: Maelezo kwa Wakazi wa Manchira

Neno kaboni limezoeleka mikutanoni kabla maana yake haijaeleweka. Mti huvuta hewa ya ukaa kwa majani yake, ukabakiza kaboni na kuijenga kuwa shina, matawi na mizizi. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni: mti wa kilo 1,000 umehifadhi kilo zipatazo 500. Ukichomwa mkaa, kaboni hiyo hatimaye hurudi angani; ukipasuliwa mbao za kuezekea, hukaa paani miaka mingi.

Kupima hakuhitaji shoka. Mpimaji huzungusha utepe shinani, mita 1.3 kutoka ardhini, akapata kipenyo. Hapo ndipo penye jambo lisilosemwa sana. Mti mkubwa wenye kipenyo cha sentimita 60 haulingani na miti sita michanga ya sentimita 10. Eneo la shina lake ni mara 36, na urefu bado haujahesabiwa. Anayefyeka pori la asili kando ya mito iingiayo Bwawa la Manchira, kisha akapanda migrevilea mpakani mwa shamba, deni lake litasubiri miongo.

Kilimo mseto hakidharauliwi kwa hilo. Shamba la mahindi lililokuwa tupu, likipata miti mpakani na miembe uani, huanza kuhifadhi kaboni huku likiendelea kulisha nyumba. Tena kuni zikipatikana shambani, pori hupumua, na pengine hiyo ndiyo faida yake kubwa zaidi.

Malipo nayo yapo. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji hulipwa kwa kulinda misitu yao ya asili. Magharibi mwa Kenya, mradi wa wakulima uliosimamiwa na Vi Agroforestry ulipata hati za kaboni ya udongoni mwaka 2014, baada ya miaka ya vikundi na vipimo. Nchini Tanzania biashara hii ina kanuni zake tangu mwaka 2022. Kwa hiyo anayepita nyumba kwa nyumba akitaka saini aelekezwe kwanza ofisi ya kijiji.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Miti iliyosimama katika ukanda huo inalinda bwawa linalounywesha mji wa Mugumu, iwe imelipiwa kaboni au haijalipiwa.